Johannes Rebmann, Mtu Aliyeitambua Theluji ya Kibo

Kila mwaka ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba njia zote zipandazo mlimani kutoka Moshi mjini hujaa watu. Wana wa Uchagga waliotawanyika kwa kazi na biashara, huko Dar es Salaam na Arusha, Mombasa na Nairobi, hurudi kwao kuila Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana pamoja na wazee wao. Hufika na watoto waliozaliwa mijini, ambao hawazijui vema njia za vihamba. Mbuzi huchinjwa, ndizi hupikwa uani katika sufuria kubwa, na baada ya ibada ukoo mzima huketi nje chini ya migomba, ndugu na marafiki na majirani, mpaka jua lichwe. Na juu ya vichwa vyao, mawingu yakijitenga asubuhi au jioni, Kibo huonekana na theluji yake.

Hapo ndipo mtoto aliyekulia pwani huuliza kile cheupe ni nini. Mwenye kumjibu hujibu upesi kwamba ni theluji, kwa maana neno hilo amelisoma katika Zaburi na katika kitabu cha Isaya tangu utoto wake, wala haoni shida yo yote. Walakini zilikuwako siku ambapo neno hilo halikuwa na mahali pa kukaa katika nchi hii. Watu wa mlimani walikijua kitu chenyewe na kukiita kwa jina lao. Wako waliokiona kwa mbali wakadhani ni fedha. Na wataalamu wa Ulaya, walioizoea theluji kwao, walikataa kwamba yaweza kuwapo huku. Aliyeliunganisha neno na kitu ni mhubiri mmoja kijana, aliyepita chini ya mlima akiwa na mwavuli na Biblia. Maisha yake twayasimulia hapa, kwa kuwa wengi walijua jina lake, nao hawajui yaliyompata.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari mwaka wa 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazee wake walikuwa wakulima na watunzaji wa mizabibu, watu wasio na mali nyingi. Nchi ile ina theluji. Mwezi wa Desemba miti imekwisha kupukutika majani, mashamba ya mizabibu yamelala, na mchana ni mfupi hata kabla ya saa kumi na moja za jioni giza limekwisha kuingia. Theluji haina mlio kama mvua. Huanguka usiku watu wamelala, na mtu afunguapo mlango asubuhi huona paa na ua na njia vyote vimefunikwa, hata kisima hakitambulikani. Siku ya Noeli watu huenda kanisani wakiikanyaga, wazee wakishikwa mkono wasiteleze, na watoto huifinyanga kwa mikono wakatupiana mpaka vidole vife ganzi. Kwa mtoto wa Gerlingen theluji si ajabu, kama vile mgomba usivyo ajabu kwa mtoto wa Marangu. Jambo hili msomaji alishike, maana litatufaa tukifika mwaka wa 1848.

Katika nchi ya Württemberg walikuwako wakati ule Wakristo wengi wa Kilutheri waliokuwa wakikutana nyumbani mwao kusoma Biblia na kuomba, mbali na ibada ya Jumapili. Kwa watu wa namna hii Rebmann alipata moyo wa kwenda kuihubiri Injili. Mwaka wa 1839 aliingia katika shule ya wamisionari ya Basel, katika nchi ya Uswisi. Wakati ule misioni ya Kanisa la Uingereza, iitwayo C.M.S., ilikuwa na fedha kuliko watu, na watu wa Basel walikuwa na watu kuliko fedha. Basi vijana wengi wa Kijerumani walipelekwa London wakatumwa na Waingereza. Rebmann naye alikwenda London mwaka wa 1844, na mwaka uliofuata akabarikiwa kuwa mchungaji. Siku hizi wako wapendao kuuliza kama alikuwa Mlutheri au Mwanglikana. Katika siku zake swali hilo liliulizwa kidogo kuliko sasa, na huenda ilikuwa heri.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni mwaka wa 1846, umri wake miaka 26. Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, naye mtu wa Württemberg, aliyemtangulia kwa miaka miwili na ambaye alikuwa amekwisha kuwazika huko mkewe na binti yake mchanga. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wote wawili walihamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, ili kukaa kati ya watu wa nchi. Walikwenda wakiwa na homa, nao walikuwa na punda mmoja tu kati yao. Wazee wa Rabai waliwapa mahali pa kujenga. Nyumba ilipokuwa tayari walianza kufundisha na kujifunza lugha, na watu walikuja kusikiliza, wakacheka, wakaomba zawadi, wakarudi makwao.

Tabia za watu hawa wawili hazikufanana. Krapf alikuwa mtu wa kutazama mbali. Alitamani kuona vituo vya Injili vikifuatana kama mnyororo toka pwani ya mashariki mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann alikuwa mtaratibu, mwenye kushika jambo moja na kukaa nalo. Na hapa pana neno la kushangaza: katika hao wawili ni huyu mtaratibu aliyekwenda kwanza Uchagga.

Alianza kwa safari fupi, mwezi wa Oktoba 1847, mpaka mlima wa Kasigau katika nchi ya Taita. Huko alisikia habari za nchi ya Wachagga iliyo mbele, yenye maji mengi na watu wengi. Tarehe 27 Aprili mwaka wa 1848 akaondoka tena Rabai na wapagazi wachache. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za biashara na aliyekuwa amekwisha kufika Uchagga mara nyingi. Liwali wa Mombasa alionya kwamba asiupande ule mlima mkubwa, kwa kuwa umejaa pepo. Waliojaribu, alisema, waliuawa: mikono na miguu yao ilikakamaa, na baruti zao zikakataa kushika moto. Msomaji anayeijua baridi ya juu atatambua mara moja pepo hao walikuwa nani. Tena Bwana Kheri alimsimulia njiani habari ya Rengua, Mangi wa Machame, aliyewatuma watu wapande wakakitazame kile cheupe. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, na mikono na miguu yake imeharibika kabisa.

Walipita Taita na Bura, wakaingia nyikani. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne za asubuhi, Rebmann aliona mbele yake juu ya mlima mrefu kitu cheupe sana. Kwanza alidhani ni wingu, na Bwana Kheri alipoulizwa akakubali kwamba ni wingu. Wakaenda hatua chache. Rebmann hakutulia, akauliza mara ya pili. Safari hii kiongozi wake alijibu kwa uangalifu zaidi: kule upande mmoja ni wingu kweli, lakini kile cheupe chenyewe hakijui, ila adhani ni baridi.

Ni baridi! Mtu yule hakuwa na neno la theluji, maana hakuwahi kuiona karibu, lakini alilotaja lilikuwa kweli tupu. Na kabla hajamaliza kusema, Rebmann alikuwa amekwisha kuitambua. Hakuitambua kwa hesabu wala kwa chombo cha kupimia. Aliitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwa mwendo wake, akimwona mbali sokoni katika mji wa ugenini. Miaka miwili na zaidi alikuwa hajaiona, naye hakuitazamia kabisa mahali pale, chini ya jua la nyika, kati ya miiba na vifaru. Alifurahi mno. Kisha aliketi kupumzika akaifungua Biblia yake, na kwa utaratibu wa kusoma kwake kila siku alikuwa amefikia Zaburi ya 111, isemayo habari za matendo makuu ya Bwana. Aliisoma akiutazama mlima.

Hapa yafaa kunena wazi. Rebmann hakuivumbua theluji ya Kibo, kama vitabu vingine visemavyo. Wachagga walikuwa wakiitazama tangu baba zao walipoanza kulima migomba, na mifereji yao ilileta maji ya mito iliyoshuka toka kule juu. Alilofanya Rebmann ni kulichukua jambo lililojulikana hapa na kuwaarifu watu wa mbali. Ni kazi ndogo kuliko kuvumbua, lakini kama tutakavyoona, iligharimu heshima yake.

Katika Kilema alipokewa na Mangi Masaki. Kwa desturi ya siku zile mnyama alichinjwa, na ukanda mdogo wa ngozi yake ukatiwa katika kidole cha mgeni na katika kidole cha Mangi, kuwa alama ya urafiki. Rebmann alieleza kwamba hakuja kununua pembe wala watumwa, bali kuleta maneno ya kitabu alichokichukua mkononi. Jambo hili lilikuwa gumu kuaminika. Mgeni asiyefanya biashara alikuwa kitendawili. Hata hivyo hakudhuriwa, na mwezi wa Juni alirudi Rabai salama, akamweleza Krapf aliyoyaona.

Safari ya pili aliianza katikati ya mwezi wa Novemba mwaka ule ule, wala hakuiona Rabai tena mpaka katikati ya Februari 1849. Kwa hiyo Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1848 ilimkuta safarini. Hakuwa na kanisa wala kengele, wala mtu wa kwao. Waliomzunguka ni wapagazi, wengine Waislamu, wengine wenye kushika dini ya wazee wao. Maana kazi ya Rabai ilikuwa haijapata bado hata mtu mmoja wa kubatizwa. Hao ndio waliokuwa jamaa yake na rafiki zake kwa Noeli ile. Waligawana naye chakula na moto na mvua. Hatupendi kumtilia maneno kinywani mtu aliyekufa zamani, wala hatutasema aliwaza nini. Lakini kila mmoja aliyepata kuila sikukuu hii ugenini ajua jinsi moyo unavyotafuta kitu kimoja tu cha nyumbani, hata kama ni harufu ya chakula au wimbo. Rebmann katika safari ile alikuwa na kitu cha nyumbani kikubwa kuliko apatavyo mtu ye yote: theluji ya Desemba, juu ya migomba.

Katika safari hiyo aliuona mlima vizuri kuliko mara ya kwanza. Alipita Kilema akaenda mpaka Machame kwa Mangi Mamkinga, mwana wa Rengua, akivuka mito mingi yenye maji ya baridi. Aliona kwamba mlima una vilele viwili, kimoja cha mviringo chenye theluji na kimoja chenye ncha. Alilala chini yake, na hata kwa mwanga hafifu wa mwezi aliweza kuiona theluji. Tena hakutegemea macho yake tu, bali aliwauliza wenyeji. Walimwambia kwamba kitu kile huitwa Kibo, na kwamba kikishuka chini huwa maji matupu. Basi alikuwa na ushahidi wa macho, na ushahidi wa wenyeji, na ushahidi wa mito. Mamkinga alimpokea kwa wema, akamwahidi msaada wa kufika mbali zaidi kama akirudi.

Rebmann alirudi. Mwezi wa Aprili 1849 aliondoka Rabai mara ya tatu, na wapagazi 30, na vitambaa na shanga za kutosha kwa njia ndefu, maana sasa shabaha ilikuwa nchi ya Wanyamwezi. Masika yalikuwa yameanza, naye alinyeshewa karibu kila siku. Huko Machame mambo yaligeuka. Mangi alitaka zawadi, akapewa. Wakubwa wake wakataka, wakapewa. Kisha akataka tena, mpaka vitu vyote vilivyokuwa vya safari ya mbele vikawa vimekwisha. Rebmann alilia machozi mbele ya watu. Alipoulizwa sababu alisema kwamba vitu vile alipewa na marafiki wa mbali kwa kazi ya Mungu, na sasa njia imefungwa. Aliahidiwa pembe za ndovu kuwa malipo, akapewa chache tena mbaya. Alipoagana, watu walimtemea mate, ambayo kwao ilikuwa baraka ya kuagia msafiri, na kwa baraka hiyo pia walitaka malipo. Akashuka mlima akiwa na homa na tumbo la kuhara.

Wako waliomlaumu Mamkinga kuwa mnyang'anyi. Sisi twaona ni vigumu kumhukumu kwa sheria za nchi nyingine. Kila Mangi wakati ule alilinda njia ya biashara iliyopita kwake, na mgeni aliyetaka kupeleka mali yake kwa mwingine alikuwa kama mtu apitaye na mzigo wa chakula mbele ya mlango wa jirani asisimame. Rebmann mwenyewe hakumtangaza kuwa adui. Lakini ni kweli kwamba hakurudi tena Uchagga. Alikuwa na miaka 29.

Wakati huo huo habari zake zilikuwa zimefika London, zikapigwa chapa mwaka wa 1849 katika gazeti la C.M.S. Ndipo alipoinuka William Desborough Cooley, mtaalamu wa kuandika habari za Afrika, ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii ya mashariki. Cooley alikuwa amechora Afrika yake kwa kusoma vitabu na kuwauliza wasafiri, na katika Afrika hiyo hamkuwa na mlima wa theluji. Alisema kwamba Rebmann ameona vibaya, na kwamba mambo yake ni ya kuwazia tu. Mwaka wa 1852 aliyarudia hayo katika kitabu chake. Wengi walimwamini, kwa kuwa alikuwa msomi, na Rebmann alikuwa mwana wa mkulima aliyesoma shule ya misioni. La ajabu ni kwamba wataalamu walijua tayari kwamba katika Amerika ya Kusini imo milima mirefu yenye theluji karibu kabisa na mstari wa ikweta. Iliyokubaliwa kule ilikataliwa huku.

Na katika jambo gani walimkanusha? Kama wangesema kwamba amekosa katika kupima urefu, au katika maana ya jina la mlima, tungeweza kunyamaza. Lakini walimwambia mtu wa Gerlingen kwamba haijui theluji.

Krapf alisimama upande wake. Mwezi wa Novemba 1849, akienda Ukambani, aliiona theluji ya Kilimanjaro yeye mwenyewe kwa mbali, na mapema Desemba akauona mlima wa Kenya. Hakuna lililobadilika London. Sasa walikuwako wamisionari wawili wa kuchekwa badala ya mmoja. Mwenzao Jakob Erhardt, pamoja na Rebmann, walikusanya habari za wafanya biashara wa pwani wakachora ramani ya nchi za ndani yenye ziwa moja kubwa mno, umbo lake kama konokono asiye na nyumba. Ramani ilikuwa na makosa, kwa kuwa maziwa yalikuwa matatu wala si moja, ila ndiyo iliyowafanya Waingereza wawatume Burton na Speke kuyatafuta. Burton alifika Rabai mwaka wa 1857. Ilitakiwa Rebmann afuatane nao, naye akakataa. Kazi yake ilikuwa Rabai.

Mwaka wa 1851 alikuwa amekwenda Misri, huko akamwoa mjane wa Kiingereza, jina lake Emma, wakarudi pamoja Rabai. Walipata mtoto mmoja, naye akafa angali mchanga. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya ugonjwa, na Erhardt baadaye. Wamasai walipoishambulia nchi ya pwani, Rebmann na mkewe ilibidi wakimbilie Unguja kwa muda, kisha wakarudi kuanza tena. Mwaka wa 1866 Emma akafa. Tangu hapo Rebmann alikaa peke yake.

Miaka hiyo si rahisi kuisimulia, kwa kuwa haina safari wala visa. Alisoma na wachache waliokuja, kati yao Abe Gunja na Abe Ngoa, waliobatizwa wakawa nguzo za usharika mdogo. Aliandika maneno. Tangu zamani alikuwa amekaa na mtu mmoja aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka karibu na ziwa la Nyasa, akamwuliza neno moja moja la lugha yake, akatunga kamusi ya lugha ya watu ambao nchi yao hakuiona kamwe. Alishughulika pia na lugha ya Rabai na Kiswahili. Alisoma na kuandika mchana, na usiku kwa taa mbaya, na macho yake yakaanza kufifia. Hakuwa mtu mwepisi wa kufanya kazi na wengine. Vijana waliotumwa kumsaidia walimwona kuwa mgumu, mwenye kushika njia zake, na wakubwa wake Uingereza walichoka kungoja hesabu ya waliobatizwa, kwa kuwa hesabu haikukua. Hayo ni kweli, wala hatuna haja ya kuyaficha.

Habari za mlima nazo ziliendelea pasipo yeye. Mwaka wa 1861 Baron von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, aliyekuwa mjuzi wa mawe na kupima nchi. Mwaka uliofuata alikuja tena na Otto Kersten, wakapanda kupita meta 4,000, na huko theluji ikawaangukia wenyewe. Cooley hakukubali hata hapo. Lakini wengine walikubali, na chama cha wataalamu wa jiografia cha London kikampa von der Decken nishani ya dhahabu. Mwaka wa 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, jirani ya Rabai, alipanda toka Moshi pamoja na msaidizi wake Tofiki, akaishika theluji kwa mikono yake. Rebmann hakuwahi kuishika. Mahali alipoikaribia zaidi palikuwa bado mbali nayo safari ya siku kadhaa za kupanda.

Misioni ilipoanza kituo kipya karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru, wageni waliofika mwaka wa 1874 na 1875 walimkuta mzee mwenye upofu karibu kamili, akiishi na usharika wake wa watu wachache. Alikuwa na miaka 55, na katika hiyo 29 ameitumia huku bila kuiona nchi yake hata mara moja. Mwaka wa 1875 alikubali kurudi. Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alisafiri naye, akimwongoza. Madaktari wa Ulaya walijaribu kuyatibu macho yake, wasifaulu.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, mji mdogo wa Wakristo wa namna ya wale waliomlea, usio mbali na Gerlingen. Krapf alikuwa anakaa huko huko, na wazee hawa wawili wakawa majirani tena kama zamani Rabai. Kati ya kurudi kwake Ulaya na kufa kwake ilikuwako Noeli moja tu, ile ya mwaka 1875. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliila sikukuu hiyo katika nchi za theluji. Ikiwa ilianguka siku ile, aliisikia chini ya viatu vyake na usoni, asiione.

Alifariki dunia huko Korntal tarehe 4 Oktoba mwaka wa 1876, kwa ugonjwa wa mapafu. Kamusi yake ya lugha ya Nyasa ilipigwa chapa mwaka uliofuata, Krapf akiisimamia. Krapf mwenyewe alikufa mwaka wa 1881. Mwaka wa 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, chenye urefu wa meta 5,895, wakitembea juu ya barafu ambayo Cooley alisema haipo. Barafu hiyo sasa imepungua sana. Zaidi ya sehemu 80 katika mia za ile iliyokuwako mwaka wa 1912 zimekwisha kuyeyuka, na wazee wa Machame na Marangu huwaonyesha wajukuu wao kwa kidole mahali weupe ulipokuwa ukifika zamani.

Na katika Machame, ambako Rebmann alishuka akiwa mgonjwa na mikono mitupu, hakufika mhubiri wa kukaa mpaka mwaka wa 1893. Ndipo walipokuja Müller, Althaus, Fassmann na Böhme wa Misioni ya Leipzig, wakakifanya Machame kuwa kituo chao cha kwanza mlimani. Noeli yao ya kwanza katika Uchagga waliila mwaka ule ule, chini ya Kibo, miaka 45 baada ya ile iliyomkuta Rebmann njiani na wapagazi wake.